Wimbo wa Kuingilia Ukumbini

Zubeda alimkuta bibi yake uani, nyumbani kwake nje kidogo ya Mlandizi, anachambua mchicha. Akamwamkia, akavua viatu, akajibwaga kwenye mkeka na simu yake mkononi.

"Bibi, acha mboga kidogo. Nataka usikie wimbo nitakaoingilia ukumbini."

"Wa nani huo, mke mwenzangu?"

"Wa zamani, utaupenda. Kuna okestra ya vijana pale mtaa wa Kwa Mathias, wanachukua roki za zile bendi zenu za kale wanazipiga kwa vayolini. Sasa hivi Kibaha nzima hakuna sherehe isiyo yao."

Akabonyeza simu. Kwanza zilisikika hodi tatu, mtu akigonga mbao kwa vifundo vya vidole. Kisha vayolini zikaingia chinichini, taratibu, mithili ya watu wanaotembea juu ya zulia, na nyuma yake besi kubwa ikawa inavuma.

Bi Zuleha aliutambua wimbo kabla vayolini hazijamaliza mstari wa kwanza. Ndiye aliyeutunga.

Mikono yake ilibaki ndani ya bakuli. Zubeda hakuona kitu, alikuwa amefumba macho akitikisa kichwa. "Unaitwa Fungua," alieleza. "Bwana harusi anagonga mlango wa chumba cha bibi harusi, mashangazi hawamfungulii mpaka atoe kitu. Ndiyo hizo hodi. Mzuri, eeh?"

"Mzuri," alisema Bi Zuleha.

Mjukuu alipoondoka, mchicha ulibaki vilevile mpaka ukanyauka.

Siku hizi ukimwona Bi Zuleha na kanga zake mbili, mguu mmoja ukimsumbua, huwezi kudhani kwamba kuna wakati alisimama jukwaani amevaa suruali pana ya bugaluu na viatu virefu vya raizoni, nywele amezitimua, anapiga kelele kwenye maikrofoni hadi mishipa ya shingo inamsimama. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alizaliwa Kurui, ndani huko Kisarawe, akapelekwa kwa shangazi yake Dar es Salaam kusoma, na huko akakutana na kijana wa kwao, Mashaka, aliyekuwa amejifunza gita la umeme kwa kusikiliza sahani za santuri za kizungu. Wakaanzisha bendi, wakaiita Mawe Moto. Walipiga roki kwenye kumbi za shule na za vijana, wazee wakawasema, magazeti yakawasema, nao wakazidi kufungulia sauti.

Zuleha alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Sada. Sada hakwenda mjini. Aliolewa na dereva wa malori aliyemwachia mimba akaendelea na safari zake. Jumapili moja ya masika, Zuleha na Mashaka wakiwa wamekwenda kuwasalimu wazazi Kurui, Sada alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake, na damu ikaanza kutoka. Mashaka alimpakia kwenye baiskeli, Zuleha akawa anamshikilia kwa nyuma, wakaisukuma kwenye tope mpaka kwenye zahanati moja ya njiani, ambayo leo haipo tena.

Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani kulikuwa na mtu, kwa sababu redio ilikuwa inatangaza mpira. Mashaka akagonga hodi tatu. Kimya. Akagonga tena. Zuleha akagonga kwa viganja, kwa ngumi, kwa kiatu, akiita kwa sauti ileile iliyokuwa ikijaza kumbi za mjini. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mtangazaji alikuwa anataja majina ya wachezaji. Sada alijifungua palepale barazani, mtoto wa kiume, na Zuleha akamfunga kwenye kanga yake iliyolowa. Damu ya Sada haikukatika. Mpira ulipokwisha, mlango ulifunguliwa. Wakati huo Sada alikuwa ameshakata roho.

Baada ya mazishi baba yao aliwaita watu wote wa nyumbani akasema jambo hili lisitajwe mbele ya mtoto, asije akakua na kinyongo. Wakaliacha. Mtoto akaitwa Yassin, na Zuleha akamchukua. Lakini kabla hajaacha bendi ili amlee, aliimba wimbo mmoja wa mwisho. Walirekodi mara moja tu. Mashaka aligonga mwili wa gita mara tatu, halafu akaliachia lingurume, na Zuleha akapiga kelele: fungua, tumekuja wawili, fungua, tusirudi mmoja. Maneno mengine yote yalimezwa na gita. Redioni ulipigwa kwa muda, kisha ukasahaulika, na yeye akashukuru. Hakuuimba tena, wala jikoni.

Yassin alikua akijua kwamba mama yake alifariki kwa uzazi na kwamba Mama Zuleha ni dada wa mama. Zaidi ya hapo hakuambiwa. Sasa ni mtu mzima, msimamizi wa ghala kwenye kiwanda kimoja cha Zegereni, na Zubeda ni binti yake wa kwanza, mfanyakazi wa ofisini anayekwenda Dar asubuhi na kurudi jioni. Ndoa ingefungwa nyumbani, na jioni ya siku hiyo kungekuwa na sherehe ukumbini, baba amshike binti mkono waingie naye. Waingie na wimbo ule.

Hilo ndilo lililomnyima Bi Zuleha usingizi. Ilikuwa kama kuambiwa mwanao atatembezwa juu ya kaburi la mama yake huku watu wanapiga vigelegele.

Asubuhi yake alivaa, akaenda Kwa Mathias. Aliuliza wenye maduka mpaka akaelekezwa kwenye ukumbi mdogo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na kabla hajafika mlangoni akausikia. Vijana walikuwa kwenye mazoezi. Akasimama kizingitini.

Kwenye simu ulikuwa mdogo. Hapa ulijaa chumba kizima. Pale gita la Mashaka liliponguruma, sasa selo nne, zile vayolini kubwa za sauti nzito, zilikuwa zinavuta pumzi ndefu. Na pale yeye Zuleha alipopiga ukelele, sehemu ile ambayo koo lilimtoka damu studio, msichana mmoja alikuwa amesimama peke yake na vayolini begani, anaupiga ule ukelele kwa upole, unapanda, unapanda, halafu unatua. Bi Zuleha alijikuta amejishika kwenye fremu ya mlango. Wimbo ulikuwa mzuri. Hilo hakulitegemea, na lilimuumiza kuliko yote. Alikuwa amekuja kukuta kitu kilichoharibiwa.

Kiongozi wao, mwalimu mmoja mwembamba aitwaye Tito, alimwona, akasimamisha mazoezi, akamletea kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huo wimbo mnaopiga, nani kawapa?"

"Tuliupata kwenye kanda ya zamani. Ulikuwa na kelele sana, nikaupunguza mwendo, nikaupanga upya."

"Ni wangu. Mimi ndiye ninayeimba mle."

Tito alimtazama. Hakuwa kijana wa dharau. Lakini bila shaka tangu nyimbo zao zianze kuvuma, wazee kadhaa walikuwa wameshapita pale, kila mmoja na wimbo wake. "Mama," alisema taratibu, "kwenye kanda limeandikwa jina la mzee Mashaka. Nilimtafuta hadi nikampata kwa simu, yuko Kurui. Alinipa ruhusa kwa moyo mweupe. Na maana ya wimbo alinieleza yeye mwenyewe, kwamba ni wa harusi."

"Mashaka alisema ni wa harusi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi Mashaka kakudanganya. Nakuomba, Jumamosi kwenye sherehe ya Zubeda wa Yassin usiupige. Piga mwingine wowote."

"Kwa nini, mama?"

Vijana wote walikuwa wanasikiliza, pinde za vayolini zimetulia magotini. Bi Zuleha alifungua mdomo, na akaona wazi kwamba angelisema lile jambo pale, mbele ya watoto wa watu, lingemfikia Yassin kabla ya adhuhuri. Akasimama. "Nitarudi na huyo Mashaka," alisema.

Kesho yake alikwenda Kisarawe mjini, na kutoka pale akachukua bodaboda mpaka Kurui. Kijana wa bodaboda alimwendea polepole kwa sababu ya umri wake, na yeye kila mara alimwambia aongeze mwendo. Njia haikuwa ile. Mahali palipokuwa na zahanati palishaota mikorosho, wala asingepajua kama si mkunjo wa barabara. Hakugeuza kichwa.

Mashaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba nje ya nyumba yake, miguu imevimba, ameifunika kwa shuka. Walikuwa hawajaonana tangu msiba wa mume wa Zuleha. Waliulizana hali, wakaulizana watoto, mke wa Mashaka akaleta chai na mihogo. Alipoingia ndani, Bi Zuleha hakungoja.

"Umemwambia yule mwalimu ni wimbo wa harusi."

Mashaka aliangalia kikombe chake. "Aliuliza unahusu nini. Neno likanitoka tu. Ulitaka nimwambie nini, Zuleha, kijana wa watu, kwenye simu? Nimweleze habari za damu?"

"Ungemwambia hukumbuki."

"Nakumbuka. Kisha alinitumia walivyoupiga, mjukuu wangu akaniwekea. Nilisikiliza huku nalia. Nikasema, basi, angalau watu watacheza. Umekaa na uchungu muda mrefu huo wimbo. Una ubaya gani ukifurahisha watu?"

"Jumamosi Yassin anamwingiza binti yake ukumbini kwa wimbo huo."

Mashaka aliweka kikombe chini. "Yassin yule?"

"Yassin gani mwingine? Uliyemtia mkononi mwangu pale barazani."

Alikuwa hajui kwamba wimbo ungefika huko. Alimwita mjukuu wake amtafutie namba ya Tito. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha, ikabidi ainuliwe na kukokotwa mpaka kwenye mwinuko nyuma ya banda la kuku, amemwegemea mjukuu huku, Zuleha kule. Akampata. Alimweleza Tito kila kitu, kwa sentensi fupi, akihema, na Bi Zuleha akawa anasikia jambo lile likitamkwa kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi. Alipomaliza akampa simu.

"Mama," alisema Tito, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "nisamehe. Sikujua. Kwa upande wangu naweza kuuacha hata leo. Lakini bibi harusi ndiye aliyeuchagua, amekuja mazoezini kila wiki kupanga hatua zake nao. Nikiubadilisha atauliza sababu, na sababu si yangu kuitoa. Mwambie mzee Yassin anipigie yeye. Neno moja tu, nitabadilisha."

Kwa hiyo likarudi kwake. Alikuwa amezunguka Kibaha na Kisarawe akitafuta mtu wa kumbebea, na kila mlango aliogonga ulimrudisha kwa Yassin.

Alhamisi jioni alikwenda Kibaha kwa Yassin. Nyumba ilikuwa imefurika. Wanawake walikuwa wanachagua mchele sebuleni, ndugu wa upande wa mama yake Zubeda walikuwa wanapima vitambaa, vijana wanafunga taa uani. Hapakuwa na kona ya kusemea jambo. Yassin alipofika kutoka kazini, Bi Zuleha alimfuata kwenye gari kabla hajashuka, akafungua mlango wa pili, akaingia, akaufunga.

"Mama, kuna nini? Unaumwa?"

"Pandisha vioo."

Alimwambia. Hakujua aanzie wapi, akaanzia kwenye baiskeli. Alipofika kwenye redio, Yassin aliweka mikono yake miwili juu ya usukani kama mtu anayeendesha. Joto lilikuwa kali mle ndani, na nje watoto walikuwa wanagonga kioo wakimwita baba, wakimwita bibi, mpaka mtu akaja kuwaondoa.

Alipomaliza, Yassin aliuliza, "Nani alikuwa ndani?"

"Alishakufa zamani."

"Jina lake."

"Halitakusaidia kitu, mwanangu."

"Nimekuuliza jina, Mama."

Akamtajia. Halikuwa jina ambalo Yassin amepata kulisikia, na aliporudia kulitamka ilikuwa kana kwamba anatafuta ladha yake akaikosa. Kisha akasema, polepole, "Tumekuja wawili, tusirudi mmoja. Zubeda ameniimbia hayo maneno hapa sebuleni, kafundishwa mazoezini. Mlienda wewe na yeye. Mkarudi wewe na mimi."

 Bi Zuleha hakuwahi kuhesabu hivyo.

"Mpigie mwalimu Tito," alisema. "Mwambie abadilishe. Neno moja tu."

"Nimwambie nini Zubeda?"

"Utatafuta la kumwambia."

"Mama, huyu mtoto anaolewa keshokutwa. Amefanya mazoezi na wimbo huu mpaka anaota nao. Nikiuondoa ataniuliza, na mimi kumdanganya siwezi kama nyinyi mlivyoweza." Akafuta uso kwa kiganja. "Umenyamaza miaka yote hii. Nimesoma, nimeoa, nimezaa, umenyamaza. Ukashindwa kungoja siku mbili nyingine?"

"Nilitaka usiingie nao hujui."

"Sasa nitaingia nao najua."

Akashuka. Bi Zuleha alimwona akivuka uani, akimsalimia mgeni huyu, akimpa mkono yule, anacheka hata. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Mzigo hakuwa ameutua, alikuwa amemtwika mwingine, na amemtwika katika wiki ambayo hakuwa na ruhusa ya kuonyesha kwamba kuna kitu kichwani.

Jumamosi walimkalisha meza ya mbele pamoja na mabibi wengine. Wanawake walimsifia kitenge chake. Okestra ilikuwa kulia kwa jukwaa, vijana wamevaa mashati meupe, na Tito alipomwona alimwinamia kichwa, uso umemkunjamana. Mshereheshaji akaomba watu wote wasimame. Taa zikapunguzwa. Yule wa besi kubwa akainua mkono, akagonga ubavu wa chombo chake.

Hodi ya kwanza ilipolia, Yassin na Zubeda walikuwa wameshatokeza mlangoni. Zubeda alikuwa anang'aa. Hodi ya pili, wakapiga hatua. Ya tatu, Yassin akasimama. Alisimama kabisa, mguu mmoja mbele, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Zubeda akamvuta mkono, akageuka kumtazama, akacheka, na ukumbi mzima ukadhani ni madoido waliyoyapanga, vigelegele vikalipuka. Vayolini zikaingia. Yassin akatembea. Alitembea katikati ya watu wanaopiga makofi, macho yake yameganda juu ya mapazia, midomo imebanwa, na msichana yule wa vayolini alipoupandisha ule ukelele, machozi yalimtoka Yassin mbele ya watu wote bila hata kuyafuta. Bibi mmoja aliyekuwa karibu na Bi Zuleha akasema, kwa huruma, "Baba wa bibi harusi siku zote hulia."

Bi Zuleha alitamani kupiga kelele.  Alibaki amesimama, ameshikilia kitambaa cha meza, mpaka Yassin alipomkabidhi binti yake jukwaani na wimbo ukaisha. Yassin akapita mbele ya meza ya mabibi kurudi kwenye kiti chake. Hakumtazama.

Baada ya hapo hakuja Mlandizi. Alikuwa na kawaida ya kuja kila baada ya swala ya Ijumaa, na Ijumaa zikapita. Bi Zuleha alipiga simu, ikaita bila kupokelewa. Akampigia mkewe, akaambiwa Yassin yupo, amechoka na kazi, hali chakula vizuri, siku hizi anakaa tu. Ramadhani ikaingia. Kila jioni alifuturu huku amegeukia njia, na kila gari lililopunguza mwendo lilimwinua kwenye mkeka. Alianza kusema peke yake. Majirani wakamwona anapungua, wakamletea uji, yeye akaupokea na kuumwaga nyuma ya nyumba wakishaondoka.

Tito alikuja, akiwa amevaa shati la heshima na amebeba matunda. Alisema amekwishabadilisha jina la mtunzi kila mahali anapoweza, na kwamba okestra yake haitaupiga tena kwenye harusi.

"Usiupige popote," alisema Bi Zuleha.

Tito aliinamisha kichwa. "Sisi tutaacha, mama. Lakini watu wanao kwenye simu zao. Jana nimeusikia Kwa Mathias, kwenye duka la nguo. Siwezi kuurudisha."

Alijua. Yeye mwenyewe aliusikia mara mbili, mara moja kutoka kwenye ukumbi wa jirani zake wa Mlandizi, upepo ukiuleta na kuupeleka. Alikwenda ndani akajifunika shuka kichwani.

Yassin alikuja wakati Idi imeshapita, siku ya kazi, mchana, bado na vumbi la ghala kwenye viatu. Hakuomba radhi wala hakulaumu. Alikaa kwenye mkeka uani, akakataa chai, akanyoosha miguu. Alikuwa amekonda. Bi Zuleha alikaa mbali kidogo naye, akiogopa kusogea.

"Nilikwenda kule," Yassin alisema. "Mzee Mashaka alinionyesha. Ni mikorosho tu."

"Ndiyo."

"Nimejua alivyokufa. Kila nikifumba macho naona jinsi alivyokufa, na sura sina. Hata picha hamkumpiga." Akamgeukia. "Alikuwaje, Mama?"

Bi Zuleha akafungua mdomo, na hakukuta kitu. Alitafuta uso wa mdogo wake akakuta mvua, akakuta bati, akakuta sauti ya mtangazaji. Alitafuta tena. Miaka yote hiyo alikuwa amemtunza Sada wa siku moja, na yule mwingine, aliyelala naye kitanda kimoja utoto mzima, alikuwa amemwacha apotelee mbali. Hofu ilimshika kwamba hayupo tena mahali popote. Yassin alingoja. Kuku walipita, wakarudi.

"Alikuwa mwizi wa tui," alisema hatimaye.

"Wa nini?"

"Wa tui. Nazi ikishakunwa na kukamuliwa, lile tui la kwanza, zito, mama akigeuka tu Sada keshalinywa. Halafu anajaza maji kwenye bakuli, anasema nazi ya mwaka huu nyepesi. Tukala wali wa maji mwaka mzima."

Kitu kama kicheko kilimtoka Yassin puani, kidogo sana.

"Endelea," alisema.

"Ngoja," alisema Bi Zuleha. Akafumba macho, akaweka kiganja kwenye paji la uso. "Ngoja kwanza. Nakumbuka."